Uchangamano wa kifonolojia katika usemi wa watoto wadogo wa Kiswidi: tuhesabu nini hasa?

Mwanagenzi wa Fonetiki

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya isimu hapa Uswidi, na tasnifu yangu inahusu rekodi za watoto wa kati ya miezi 18 na 30 wanaolelewa kwa Kiswidi. Natakiwa kueleza kwa namba uchangamano wa kifonolojia wa maneno wanayoyatamka, kisha nione kama namba hiyo inakwenda sambamba na msamiati ambao wazazi wameujaza katika SECDI, lile dodoso la Kiswidi ambalo mzazi huweka alama kwenye maneno ambayo mtoto wake ameshaanza kuyasema. Kunukuu sauti ninaweza kwa kiasi. Kilichonishinda ni kuchagua kipimo.

Shida yangu naweza kuionyesha kwa watoto wawili na maneno manne manne. Msichana mmoja, akicheza na mama yake, alisema docka (mwanasesere), titta (tazama), bil (gari) na nalle (dubu wa kuchezea), na yote aliyatamka kama anavyotamka mtu mzima. Mvulana wa umri ule ule aliketi sakafuni mbele ya kitabu cha picha, akamwita elefant, yaani tembo, «efant», na giraff, yaani twiga, akamwita «jijaff». Halafu akavua soksi yake, ambayo Kiswidi huiita strumpa, akaiinua juu na kusema «tumpa», kisha akagusa kiatu, sko, akasema «ko». Kwa asilimia ya konsonanti sahihi, kipimo ambacho Shriberg na Kwiatkowski walikitoa mwaka 1982, msichana anapata 100 na mvulana anapata 57. Kwa hesabu hiyo msichana amemwacha mwenzake mbali sana. Hata hivyo kila ninapozirudia rekodi hizi nasikia kwamba mvulana ndiye anayefanya kazi kubwa zaidi kwa ulimi wake, na sijui niliweke wapi jambo hilo katika jedwali.

Nimesoma pia kuhusu PMLU ya Ingram, inayopima neno zima, na kuhusu WCM, kipimo cha uchangamano wa neno kilichotungwa na Carol Stoel-Gammon na kuchapishwa mwaka 2010. Hiki cha pili kinanivutia, lakini kilitungwa kwa kutazama watoto wa Kiingereza. Je, naweza kukichukua kama kilivyo na kukitumia kwa Kiswidi? Na ikiwa siwezi, nibadilishe nini, na nitajuaje kwamba mabadiliko yangu yana msingi?

Mzee wa Silabi

Mwanagenzi, sikio lako halijakudanganya. Kinachokutatiza ni kwamba umekiuliza kipimo kimoja swali ambalo hakikuundwa kulijibu. Asilimia ya konsonanti sahihi inasema jinsi mtoto alivyolikaribia neno la mtu mzima, na haisemi chochote kuhusu ugumu wa neno lenyewe. Mtoto anayechagua maneno mepesi na kuyapatia atapata 100 siku zote, na watoto wa umri huo huchagua kweli: wapo wanaoyakwepa maneno yenye sauti wasizoziweza, na wapo wanaoyavamia bila woga. Mvulana wako ni wa kundi hili la pili.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja jina la kipimo chochote, tenganisha mambo matatu: uchangamano wa neno ambalo mtoto alilikusudia, uchangamano wa umbo lililotoka kinywani mwake, na uwiano wa hayo mawili. Ukiyachanganya katika namba moja, hutajua namba hiyo imepanda kwa sababu gani.

Sasa tuhesabu. Katika WCM neno hupewa alama moja kwa kila jambo kati ya haya: likiwa na silabi zaidi ya mbili, mkazo wake ukiwa mahali pengine pasipo silabi ya kwanza, likiishia kwa konsonanti, kwa kila mkururo wa konsonanti ndani ya silabi moja, kwa kila konsonanti ya kaakaa laini (kama k au g), kwa kila kitambaza (l) au r, kwa kila kikwamizo (sauti ya mkwaruzo kama f au s) au kipasuo-kwamizo (kama ch), na alama moja ya nyongeza ikiwa kikwamizo hicho ni ghuna, yaani hutamkwa kwa mtetemo wa koo, kama v au z. Maneno ya msichana: titta haina alama hata moja, docka ina 1 kwa sababu ya k, nalle ina 1 kwa sababu ya l, bil ina 2 kwa sababu ya l na kwa kuishia kwa konsonanti. Wastani ni 1, na kwa kuwa alitamka sawasawa, alichokusudia na alichotoa ni kitu kimoja.

Kwa mvulana, elefant ina alama 6: silabi tatu, mkazo mwishoni, konsonanti ya mwisho, mkururo nt, kisha l na f. Giraff ina 5, strumpa ina 3 na sko ina 3, hivyo wastani wa alichokusudia ni 4.25. Umbo «efant» lina 4, «jijaff» lina 3, «ko» lina 1, na «tumpa» halina kitu kabisa. Wastani wa alichokitoa ni 2, mara mbili ya mwenzake, ingawa uwiano wake na lengo ni 0.47 tu. Hicho ndicho ulichokuwa ukikisikia.

Usilipite haraka hilo «tumpa» lisilo na alama. Mtoto amelishika umbo la silabi mbili, amezipata t, m na p mahali pake, na nazali inakutana na kipasuo katikati ya neno. Lakini kwa kuwa m na p ziko katika silabi mbili tofauti, WCM haizihesabu kuwa mkururo, na sauti zote zilizobaki ni zile ambazo kipimo huziona nyepesi. PMLU ingemtendea vingine. Humo kila sauti iliyotamkwa ni alama moja na kila konsonanti sahihi huongezewa moja, kwa hiyo strumpa ina 7 na 5, jumla 12, na «tumpa» ina 5 na 3, jumla 8, yaani theluthi mbili ya lengo. Umbo ni lile lile la mtoto yule yule, na kipimo kimoja kinampa sifuri huku kingine kikimpa theluthi mbili. Hakuna kilichokosea: PMLU inahesabu urefu na usahihi, WCM inahesabu vitu ambavyo kwa kawaida huchelewa kukomaa.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Kila alama katika WCM ni dai kwamba jambo fulani ni gumu kwa mtoto, na dai hilo lilitolewa kwa ushahidi wa Kiingereza. Chukua alama ya nyongeza ya vikwamizo ghuna. Kiingereza kina v, z na zile dh na zh, nazo huchelewa, hivyo kuzitofautisha kuna maana. Kiswidi hakina z kabisa. Kilicho nacho ni v, ambayo mara nyingi hutamkwa kwa mkwaruzo hafifu mno, pamoja na j ambayo hukwaruza kidogo kwa baadhi ya wasemaji. Sasa pitisha katika orodha hiyo neno ambalo mtoto wa Kiswidi hulisema mapema mno, sauti ya mbwa, vov. Kila v inapata 2, konsonanti ya mwisho inapata 1, jumla 5. Mbweko wa mbwa umelingana na twiga! Ukiliacha hilo lipite, watoto wenye mbwa nyumbani watapanda chati bila sababu.

Kwa bahati njema hutaanza kutoka sifuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm wamekwisha kuandaa toleo la Kiswidi linaloitwa WCM-SE. Anza na hilo, usome kila kigezo na sababu iliyotolewa kwa ajili yake, na ukiamua kuachana nalo mahali fulani, uandike kwa nini. Usitunge orodha yako kwa hisia za mtu mzima. Ugumu unaoupata wewe unapotamka y au ö si ugumu wa mtoto aliyezisikia tangu tumboni.

Onyo moja zaidi, nalo nalitoa kwa sababu nimelisahihisha mara nyingi katika kazi za wanafunzi: nukuu sauti, usinukuu tahajia. Sko huanza kwa mkururo wa s na k. Sked, yaani kijiko, huandikwa kwa herufi zile zile mbili, lakini kwa kuwa irabu inayofuata ni ya mbele, hutamkwa kwa sauti moja tu, ile wanayoiita sj. Anayefuata maandishi ataipa sked alama 4. Anayefuata masikio ataipa 2. Na hjul, gurudumu, haina h yoyote ya kuhesabiwa.

Bi Matamshi

Mzee wangu wa Silabi ameeleza vizuri, nami naongeza upande wa kazi, kwa kuwa nimekuwa mtaalamu wa tiba ya usemi kusini mwa Uswidi kwa miaka kadhaa na watoto ninaowasikiliza kila siku hawasemi kama watoto wa Stockholm.

Mwanagenzi, hujatuambia watoto wako wanatoka wapi, na kwa Kiswidi jambo hilo linabadilisha hesabu. Chukua neno barn, mtoto. Huko Stockholm r na n huungana kuwa sauti moja, n inayotamkwa kwa ncha ya ulimi iliyorudishwa nyuma, kwa hiyo neno lina sauti tatu tu na katika WCM linapata alama 1, ya konsonanti ya mwisho. Hapa Skåne muungano huo haupo. R yetu hutoka nyuma, kwenye kidakatonge, na n hubaki n, hivyo neno linaishia kwa mkururo na linapata 3: konsonanti ya mwisho, mkururo, na r. Kwa PMLU ni 5 kwa Stockholm na 7 kwa Skåne. Watoto wawili wanaosema neno moja kikamilifu, kila mmoja kama mama yake, watatofautiana kwa sababu ya mahali walipozaliwa. Lengo la kulinganishia lazima liwe matamshi ya nyumbani kwa mtoto, si ya kamusi, na katika maelezo yako ya mbinu useme wazi kila mtoto umempimia lengo la lafudhi ipi.

Sauti ya sj nayo haina makao mamoja. Kwa wasemaji wengi wa kaskazini hutamkwa mbele, karibu na sh yetu, na kwa wengi wa kusini hutamkwa nyuma, karibu na kh. Je, utaipa alama ya kaakaa laini juu ya alama ya kikwamizo? Ukiipa kusini na kuinyima kaskazini, giraff, inayoanza kwa sauti hiyo, itakuwa na 6 huku na 5 kule. Mimi ningeipa alama ya kikwamizo peke yake kila mahali, kwa sababu kinachowachelewesha watoto ninaowaona ni sauti hiyo yenyewe pamoja na ile ya tj na r, wala siyo mahali pake kinywani. Lakini ukiamua vingine, amua kabla ya kuanza kuhesabu, wala si baada ya kuona matokeo.

Jambo la tatu ni dogo kwa maandishi na kubwa kwa masikio. Kiswidi hutamka p, t na k kwa mpumuo mkubwa mwanzoni mwa silabi yenye mkazo, lakini baada ya s mpumuo huo hutoweka. Mtoto anapoidondosha s ya strumpa na kuiacha t kama ilivyokuwa, yaani bila mpumuo, mnukuzi aliyezoea Kiswidi husikia d na kuandika «dumpa». Je, mtoto amebadilisha t kuwa d, au ameacha s tu na kubakiza t halisi ya baada ya s? Kwa WCM hakuna tofauti, kwa sababu t na d zote hazina alama. Kwa PMLU na kwa asilimia ya konsonanti sahihi, mtoto amepoteza alama moja ambayo huenda hakustahili kuipoteza. Sisi tuliokulia lugha yenye silabi wazi tuna mtego wetu pia: masikio yetu hupenda kuipa konsonanti ya mwisho kivuli cha irabu, au kuisahau kabisa inapokatwa ghafla, na konsonanti ya mwisho ni alama katika kila neno la aina hiyo. Mtafute mnukuzi wa pili aliyekulia Kiswidi, asikilize sehemu ya rekodi bila kuona ulichoandika, kisha mlinganishe.

Mwisho, tafadhali usiandike katika tasnifu kwamba wastani mdogo wa WCM unaonyesha tatizo la usemi. Tunapotaka kujua kama mtoto anahitaji msaada, tunamtajisha picha zilizochaguliwa ili kila sauti ya Kiswidi ipate nafasi yake mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, kama lifanyavyo jaribio la LINUS lililotoka Linköping, na tunatazama pia kama anaeleweka na watu wasiomzoea. Mtoto aliyecheza na dubu na gari kwa nusu saa hakupewa nafasi ya kutuonyesha r yake.

Mwanagenzi wa Fonetiki

Mzee wa Silabi, shikamoo, na Dada Bi Matamshi, nakushukuru sana. Watoto wangu wengi ni wa eneo la Stockholm, lakini wawili wana mzazi mmoja kutoka Skåne, na sikuwa nimelitia maanani jambo hilo hata kidogo. Nitarudi kwenye rekodi za wazazi wao niandike lengo upya.

Bado nina maswali mawili. Kiswidi hutofautisha maneno kwa kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti: anden kwa kidatu cha kwanza ni bata yule, na kwa kidatu cha pili ni roho ile. Mbona vipimo hivi vyote havigusi kidatu? Je, nikiongezee alama? La pili, mtoto mmoja amesema titta mara 31 katika rekodi moja. Nikiyahesabu yote wastani wake unaporomoka, nikiyaacha naona kama nimetupa data.

Mpenda Takwimu

Nitajibu hilo la pili. Ingram aliweka kanuni kwamba katika PMLU kila neno lihesabiwe mara moja, na sampuli iwe na maneno angalau 25. Kanuni hiyo inafaa kwa WCM pia, kwa sababu unachotaka kukijua ni mtoto anaweza nini, si anapenda kusema nini. Lakini usizitupe zile titta 31. Ziweke kando kama data ya kutobadilika: je, alilitamka namna moja kila mara? Mtoto anayesema strumpa kwa namna nne katika dakika kumi yuko mahali tofauti na anayesema «tumpa» kila mara, hata kama wastani wao ni sawa. Kwa neno lenye maumbo kadhaa, chagua kanuni moja, kwa mfano umbo lililotokea mara nyingi zaidi, na uifuate kwa watoto wote. Kuchagua umbo bora kwa mmoja na umbo la kwanza kwa mwingine ni kuharibu kazi.

Kanuni nyingine ya Ingram itakusumbua. Alisema neno ambatano lihesabiwe kuwa neno moja ikiwa tu huandikwa kama neno moja. Kwa Kiingereza hilo huchuja mengi. Kwa Kiswidi halichuji chochote, maana maneno ambatano yote huandikwa pamoja, na watoto huyapata mapema: brandbil, gari la zimamoto, lina alama 5 za WCM kwa mikururo miwili, r, l na konsonanti ya mwisho, wakati bil peke yake lina 2. Mtoto anayependa magari atakuwa na brandbil, lastbil na polisbil, na utakuwa umeihesabu bil mara nne. Sishauri uyafute, kwa kuwa kulitamka brandbil ni kazi halisi ya ulimi; hesabu mara mbili, pamoja nayo na bila ya hayo, uone kama mpangilio wa watoto unabadilika. Usipobadilika, sentensi moja inatosha. Ukibadilika, basi umepata jambo la kuandika.

Sasa kuhusu uhusiano na SECDI, ambao ndio moyo wa tasnifu yako. Wastani uliotoka kwenye maneno 12 hauwezi kusimama bega kwa bega na wastani uliotoka kwenye maneno 90 kana kwamba una uzito ule ule. Watoto wenye msamiati mdogo ndio watakaokuwa na sampuli ndogo, kwa hiyo kosa la kipimo litakuwa kubwa upande mmoja wa chati yako kuliko mwingine. Chota kutoka kwa kila mtoto idadi ile ile ya maneno, kwa nasibu, rudia mara nyingi, na uripoti wastani pamoja na mtawanyiko wake. Pia kumbuka kwamba SECDI inakuambia mzazi amesikia mtoto akilisema neno, haikuambii alilitamkaje. Mzazi wa yule mvulana ataweka alama kwenye elefant bila kusita, na ana haki. Kwa hiyo uchangamano wa malengo unaweza kuuhesabu moja kwa moja kutoka kwenye dodoso, lakini uchangamano wa alichokitoa mtoto utaupata kwenye rekodi tu. Hizo ni safu mbili katika jedwali, na mimi ningetazama kwa hamu zaidi pengo lililo kati yake kuliko safu yoyote peke yake.

Mzee wa Silabi

Marahaba, Mwanagenzi. Juu ya kidatu, ushauri wangu ni kukinukuu kwa uangalifu wote na kutokitia katika jumla ile ile. Nina sababu mbili. Watoto wa Kiswidi huanza kuonyesha tofauti ya vidatu mapema, wengi wao kabla ya kutimiza miaka miwili, wakati bado hawana r wala mikururo. Ukikipa kidatu cha pili alama sawa na mkururo, umedai kwamba vinalemea sawa, na ushahidi hauendi huko. Tena maneno mengi ya mwanzo yenye silabi mbili, kama docka, nalle na blomma, yana kidatu cha pili. Ukiongeza alama hiyo utakuwa kwa kiasi kikubwa unahesabu silabi kwa mlango wa nyuma. Na ukija kuwalinganisha na watoto wa Kiswidi cha Ufini, ambacho kwa sehemu kubwa hakina tofauti ya vidatu, kipimo kitawanyima alama kwa kitu ambacho lahaja yao haiwadai.

Zaidi ya hapo, kidatu cha pili cha Stockholm kina vilele viwili vya sauti na cha Skåne kina kimoja, kwa hiyo utarudi pale pale kwenye swali la Bi Matamshi. Kiwekee safu yake.

Ambacho ningekihangaikia zaidi ni urefu. Katika silabi yenye mkazo Kiswidi hutaka kimoja kiwe kirefu, irabu au konsonanti inayoifuata: tak lenye irabu ndefu ni paa, tack lenye konsonanti ndefu ni asante. Mtoto anayeyasema yote mawili kwa irabu fupi amepoteza tofauti muhimu ya lugha yake, na hakuna hata kimoja kati ya vipimo tulivyovitaja kitakachoona, maana vyote vinahesabu sauti bila kuupima muda wake. Nukuu urefu huo hata kama hutaupa alama, kwa sababu data ambayo haikunukuliwa hairudi.

Mwanagenzi wa Fonetiki

Narudi baada ya siku chache za kusikiliza. Nimewatenga wale wawili wenye mzazi wa Skåne na kuwaandikia malengo yao, nimeondoa alama ya nyongeza ya vikwamizo ghuna, na mwenzangu aliyekulia Kiswidi amenukuu sehemu ya rekodi bila kuona ya kwangu. Tumepishana hasa pale aliposema Bi Matamshi: mimi niliandika «tumpa», yeye akaandika «dumpa». Na katika maneno mafupi mimi nilizikosa konsonanti za mwisho ambazo yeye alizisikia wazi.

Lakini nilichotaka kuwaeleza ni hiki. Katika kitabu cha picha cha yule mvulana kuna ukurasa wenye ng'ombe, na ng'ombe kwa Kiswidi ni ko. Kwa hiyo ninalo «ko» lake la ng'ombe, alilolisema sawasawa, na ninalo «ko» lake la kiatu, lililotakiwa kuwa sko. Katika jedwali langu yote mawili yana alama 1 na yamenukuliwa kwa namna moja. Jana usiku nilizifungua katika Praat, programu ya kuchambua sauti, nikazitazama spektrogramu, yaani picha za sauti hizo, moja chini ya nyingine. Mara tatu alizomtaja ng'ombe, kati ya mlipuko wa k na mwanzo wa irabu kuna mpumuo mrefu unaoonekana wazi. Mara mbili alizotaja kiatu, mpumuo huo ni mfupi sana, kama wa mtu mzima anaposema k baada ya s. S yenyewe haipo, hata alama yake kwenye spektrogramu sikuiona. Matukio matano hayatoshi kudai chochote, nalijua hilo, lakini yanatosha kunifanya nirudi kwa watoto wote na kutafuta kila neno lililodondoshwa s pamoja na mwenziwe lisilo na s. Dada Bi Matamshi, katika kuwatajisha watoto picha, ni jozi zipi nyingine za namna hii ambazo mtoto wa miaka miwili anaweza kuzijua zote mbili?

Bi Matamshi

Kwa umri huo ni chache, kwa hiyo usizitafute jozi kamili tu. Inatosha irabu inayofuata iwe inafanana: linganisha tå (kidole cha mguu) na stol (kiti), au penna (kalamu) na spegel (kioo), ukikumbuka kwamba irabu tofauti hubadilisha muda kidogo. Tumia picha au vitu halisi, na umwache ataje mwenyewe, kwa sababu ukitangulia kumtamkia atakuiga. Kila neno alitaje angalau mara tano, katika siku mbili tofauti ikiwezekana, na kipaza sauti kiwe umbali ule ule. Na zile picha za ng'ombe na kiatu usizipange zifuatane. Ziweke mbali, moja mwanzoni na nyingine karibu na mwisho, asije akazitofautisha kwa sababu tu ameziona pamoja.